Kabla ya kupanga kitoweo cha wiki, angalia mwezi

Ratiba nyingi za chakula cha jioni huanza na majina ya vyakula: Jumatatu wali na maharage, Jumanne ugali na dagaa, Jumatano samaki wa kukaanga. Karatasi ikishajaa ndipo mtu anakwenda sokoni. Kwa anayeishi Mwanza, mpangilio huo unakula pesa, kwa sababu vitu viwili vinaamua bei kabla yako: mwezi na mvua. Jua kwanza wiki hii kuna nini kwa wingi, halafu ndipo uandike.

Tuanze na dagaa, maana hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito, mwanga wa taa huwakusanya. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo siku zinazozunguka tarehe 14 na 15 za mwezi mwandamo, dagaa wabichi huadimika na wakavu hupanda bei. Baada ya hapo mwezi huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50 kila usiku, giza la mapema linarefuka, na mzigo unarudi kidogo kidogo. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anayo tayari ratiba ya dagaa. Nunua za akiba wakati wa giza, na wiki ya mbalamwezi pangia maharage, kunde, mayai, au sato na sangara, ambao uvuvi wao wa nyavu na ndoano hautegemei taa.

Mvua nayo ina sauti. Dagaa waliopigwa na mvua kabla ya kukauka huoza kwa ndani hata wakionekana wakavu kwa nje. Vunja mmoja: mzima hukatika kwa mlio, aliyenyeshewa hupinda. Ukiona rangi ya manjano iliyokolea na harufu ya mafuta yaliyochacha, waache hata kama kisado kinauzwa nusu bei. Uliza pia walianikwa wapi. Wa kwenye chanja hugharimu zaidi kuliko wa mchangani, na tunaona pesa hiyo inastahili, kwani mchanga ukishaingia kwenye rosti hakuna dawa.

Jikoni, robo kilo ya wakavu inatosha watu watano. Chambua, kisha waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kila mara ukiwainua kwa mkono kwenda bakuli jingine. Ukimwaga maji pamoja na dagaa, mchanga uliotuama chini unarudi nao. Wachuje mpaka maji yaishe kabisa ndipo waingie kwenye mafuta ya moto. Wengi hukosea hapa: dagaa wenye maji huchemka badala ya kukaangika, wanakuwa laini kama sifongo na kumeguka. Wakishakuwa wakavu na kulia kwenye sufuria, watoe, kaanga kitunguu na nyanya hadi mafuta yajitenge, kisha warudishe kwa dakika tatu tu. Limao mwishoni.

Upande wa mboga, masika ya Machi hadi Mei ni wakati wa majani: mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, mgagani, mlenda. Yako tele na bei yake ni ndogo, basi yape siku tatu za wiki. Nyanya wakati huohuo hupanda, kwa kuwa ukungu huzishambulia shambani na nyingi huoza njiani. Hapo karanga ndiyo mkombozi. Kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa kinatosha mafungu matatu ya mchicha. Zikoroge kwanza na maji ya baridi. Ukizimwaga moja kwa moja kwenye sufuria ya moto zinaganda mabonge. Moto uwe mdogo, koroga bila kuacha kwa dakika 10 hadi 15, la sivyo zinashika chini na chakula chote kinanuka kuungua.

Kuanzia Juni mambo yanageuka. Nyanya zinashuka, viazi vitamu vinajaa, na mchele mpya unaingia. (Mchele mpya hunywa maji kidogo: kama umezoea vikombe viwili kwa kimoja, anza na kimoja na nusu, usije ukapata bokoboko.) Huu ndio wakati wa kuchangia tenga la nyanya na majirani. Limwageni lote kabla ya kulipa, kwani za chini ndizo zilizopondeka. Zilizolainika zichemshe siku hiyohiyo hadi zibaki nusu, zigawe kwa kipimo cha mlo mmoja, uzigandishe. Asiye na friza akate ngumu vipande vyembamba na kuvianika juu ya chanja chini ya chandarua.

Maharage yapikwe mara moja kwa wiki, maana mkaa ndio gharama yake. Kilo moja iliyolowekwa usiku kucha hutoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Usiweke nyanya kabla hayajalainika, kwani uchachu wake huyafanya yagome kuiva. Yagawe mara tatu: ya leo yaungwe, mengine yaingie friji bila kuungwa, kwa sababu yenye kitunguu na nyanya huharibika mapema.

Ofa za supamaketi zina faida kwenye unga, mafuta na sabuni, tena baada ya kusoma ujazo na tarehe ya mwisho. Kwa mboga, punguzo la kweli liko gengeni jioni, muuzaji anapofunga. Fungu hilo ni la kupika usiku huohuo. Samaki wa jioni mkague zaidi: matamvua mekundu, jicho lililojaa, nyama inayorudi ukiibonyeza. Sangara ana mafuta mengi na huchacha haraka, kwa hiyo asiye na friji amkaange siku hiyohiyo kwa mafuta kidogo tu, kisha kesho amchemshe vizuri kwenye rosti.