Karatasi Mbili za Biti 31

Nilipokuwa mwaka wa nne wa uhandisi wa umeme jijini Nairobi, mhadhiri wetu wa mawasiliano alitutuma Luthuli Avenue tukanunue rejista ya kusogeza biti aina ya 74HC164 (chipu inayoshika biti, yaani 0 au 1, katika hatua zilizofuatana na kuzisogeza hatua moja moja), chipu ya malango ya XOR (lango linalotoa 1 biti mbili zikitofautiana na 0 zikilingana) na taa chache za LED. Katika maabara, kila meza ilipangiwa hatua zake za rejista. Sisi tulichukua biti za hatua ya tatu na ya tano, tukazipitisha kwenye XOR, na jibu tukalirudisha mwanzoni. Alituonya tusianze na sifuri tupu, kwa kuwa rejista hiyo ikijaa sifuri haitoi kingine milele.

Tuliiendesha saketi polepole ili tunakili biti kwa kalamu. Mfuatano wetu ulijirudia baada ya biti 31, urefu mkubwa kabisa ambao hatua tano zinaweza kuzaa. Majirani, waliopewa hatua ya nne na ya tano, walipata 21, na walipobadilisha biti za kuanzia wakapata 7. Nashuku walipangiwa hivyo kwa makusudi.

Kisha mhadhiri akatuambia tuuandike mfuatano kwenye karatasi mbili nyembamba, moja ikiwa na marudio mawili, tuisogeze moja chini ya nyingine na kuhesabu biti zinazolingana. Nilidhani hesabu ingepanda kidogo kidogo kadiri tulivyokaribia mahali ambapo karatasi zote mbili zingelingana. Haikupanda. Kila tuliposogeza tulipata 15 zinazolingana na 16 zinazopingana, hata mwenzangu akaanza kutaja jibu kabla ya kuhesabu, halafu kwa nafasi moja tu zaidi zote 31 zikalingana.

“Hivyo ndivyo simu yako inavyoipata setilaiti ya GPS, ingawa ishara yake imezama chini ya kelele,” alisema mhadhiri, “ila yenyewe hutumia biti 1023, zinazojirudia kila milisekunde.”

Nilimwuliza: “Daktari, nazo setilaiti zote zikitumia masafa yaleyale, simu huzitofautishaje?” Badala ya kujibu, alichukua karatasi ya meza ya tatu, yenye mfuatano mwingine wa biti 31, akatuwekea juu ya yetu. Tuliisogeza mzunguko mzima. Zilizolingana zilikuwa 11, 15 au 19, basi. Mtafiti Robert Gold alikuwa ameonyesha mwaka 1967 kwamba jozi za namna hiyo, zikijumlishwa kwa XOR, huzaa familia nzima ya mifuatano isiyoingiliana sana: kwa rejista mbili za hatua kumi hupatikana 1025, na kila setilaiti hupewa wake.