Milimita moja ya hewa: kutengeneza risasi za Mauser ya zamani huku Uswidi

Ilikuwa Novemba, saa kumi jioni, na giza lilishaingia msituni. Zamu ya kuwinda imekwisha, nikavuta bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nitoe risasi iliyokuwa kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Ganda likatoka peke yake. Kichwa kilibaki kimeng'ang'ania ndani ya mtutu, na baruti yote ikamwagika kwenye bolti na magazini. Mzee tunayewinda naye aliipokea bunduki, akaisafisha taratibu, akakisukuma kile kichwa kwa fimbo kutokea mdomoni mwa mtutu. Alisema neno moja tu: "Ndefu."

Risasi ile niliitengeneza mwenyewe. Kiswahili chetu kinaita kitu chote risasi, tena risasi ni ile madini yenyewe, lakini mtengenezaji inambidi atenganishe: kuna ganda, fataki inayowasha baruti, baruti yenyewe, na kichwa kinachoruka kwenda shabahani. Gobori unalishindilia mpaka kitu kikae, basi. Hapa unaamua kwa sehemu za milimita kichwa kizame kiasi gani kwenye shingo ya ganda, na uamuzi huo unabadilisha shabaha na pia presha ndani ya chemba.

Bunduki yangu ni Mauser ya mfano wa 1896. Ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi kwenye kiwanda cha Carl Gustaf mjini Eskilstuna, baadaye ikapunguzwa mbao ikawa ya kuwindia. Inapiga 6.5x55, yaani kichwa cha unene wa milimita kama 6.5 na ganda la urefu wa milimita 55. Risasi hiyo ilianza mwaka 1894 ikiwa na kichwa kirefu chenye ncha butu ya duara na uzito wa gramu 10.1, na mtutu ulichongwa kukifuata: kati ya mwisho wa chemba na pale inapoanza michirizi, ile mifereji ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa, kuna nafasi ndefu. Vichwa vyepesi vyenye ncha kali havifiki huko. Nilijaribu kimoja cha gramu 7.8, na kabla hakijagusa michirizi kilikuwa karibu kuchomoka kwenye shingo.

Kwa hiyo nilirudi kwenye gramu 10.1, na sheria ya huku inanipa sababu nyingine. Kwa älg, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye uzito wa ng'ombe, kichwa cha gramu 10 au zaidi kinatakiwa kiwe na nguvu isiyopungua jouli 2000 kwenye mita 100. Kikiwa cha gramu 9, lazima zifike 2700. Bunduki yangu ya zamani inatimiza sharti la kwanza bila kulazimishwa.

Kosa langu lilikuwa kusoma kwamba walenga shabaha huweka kichwa kiguse michirizi, nikadhani na mimi nifanye hivyo. Wao hulisha risasi moja moja, na hawatembei nayo porini siku nzima. Isitoshe, kichwa kinachoanza safari kikiwa kimeshagusa michirizi hakina nafasi ya kukimbia kidogo kabla ya kubanwa, na presha hupanda. Mauser ya 1896 haina lile jino la tatu la usalama kwenye bolti lililoongezwa kwenye ile ya 1898, wala haipitishi gesi vizuri ganda likipasuka. Sitaki kuijaribu kwa uso wangu.

Kupima si kazi ngumu. Hakikisha chemba ni tupu, funga bolti, ingiza fimbo bapa kutoka mdomoni mpaka iguse uso wa bolti, weka alama kwenye fimbo. Toa bolti, tia kichwa kitupu kwenye chemba, kisukume kwa penseli mpaka kitulie kwenye michirizi, kishikilie hapo. Ingiza fimbo tena, weka alama ya pili. Umbali kati ya alama mbili ndio urefu wa risasi inayogusa. Nilirudia mara tano, maana mkono mzito unakizamisha kichwa ndani ya michirizi na kukudanganya. Kwangu ni milimita 79.4. Ile ya msituni ilikuwa 79.5.

Namba hizo ni za bunduki yangu na aina yangu ya kichwa tu. Kichwa cha kampuni nyingine, hata kikiwa na uzito uleule, kinanenepa mahali pengine, na vipimo vyote vinaanza upya.

Kutoka hapo nilirudi nyuma: 78.9, 78.7, 78.4, 78.1. Baruti nilianza na kiwango cha chini cha kitabu cha mtengenezaji, kwa sababu ukibadilisha kina umebadilisha na presha. Ukizamisha kupita kiasi nako nafasi ya baruti inapungua. Kila urefu nilipiga risasi tano, siku mbili tofauti. Ukipiga tatu zikakaa pamoja unashangilia bure, kesho zinatawanyika. Ya 78.4 ilikaa vizuri siku zote mbili, na 78.1 haikuwa mbali nayo. Nilichagua 78.4: shingo inakishika kichwa kwa urefu unaozidi unene wa kichwa chenyewe, magazini inalisha bila kukwama, na kuna milimita moja ya hewa mbele.

Pengine ningepata shabaha nzuri zaidi kidogo kwa kuhangaika na sehemu za kumi za milimita. Sikuona haja. Msituni tunapiga mita 60, mara chache 100, na ninachohitaji ni kwamba risasi iingie, ipige, na isipopigwa itoke nzima.

Kila mwaka kabla ya msimu napima tena, kwa kuwa koo la mtutu, pale mbele ya chemba, linalika na michirizi inasogea mbele. Mwaka huu imegusa 79.5. Sikubadilisha kitu. Jioni ya kwanza nilivuta bolti mbele ya yule mzee, risasi ikatoka nzima, akaishika mkononi, akaitazama kwa tochi na kunirudishia.