Shina lililolala nusu nchi kavu, nusu ziwani

Harufu ya klorini hunirudisha kwenye kambi yetu ya ubao wa tanga, ule mchezo wa kuteleza ziwani juu ya ubao wenye tanga. Juzi jirani alikuwa anasafisha tangi lake la maji, na kifuniko kilipofunguliwa tu nikauona tena uwanja wetu wa mahema ulivyokuwa baada ya dhoruba: kisima kimemeza maji ya ziwa, miti imelala juu ya njia za kuteremshia mbao zetu ziwani, vipande vya matanga vimening'inia matawini.

Mliokuwepo mnajua ilivyoanza, kwa hiyo sirudii habari za jioni ile. Nitakumbusha jambo moja tu la upepo, kwa sababu ndilo lililoamua kila kazi iliyofuata. Msukumo wa upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ndio huo ambao watu wa ubao wa tanga husafiri mbali kuutafuta. Ukifika kilomita 100 kwa saa, kasi imekuwa mara mbili na nusu, lakini msukumo wake kwenye mti, paa au hema umekuwa zaidi ya mara sita. Katika kipimo cha nguvu za upepo cha Francis Beaufort hiyo ni daraja ya 10, na alama yake nchi kavu ni miti kung'oka. Udongo nao ulikuwa umeshiba mvua. Ndiyo maana miti mingi haikuvunjika. Ililazwa mizima na mizizi yake, vichwa vikielekea majini.

Kisha likaja lile ambalo wengi hawakulitarajia. Upepo mkali unaotoka nchi kavu husukuma maji ya ziwa na kuyarundika ng'ambo. Ukitulia, maji yale hurudi, hupita usawa wake wa kawaida upande huu, hugeuka tena, na kuyumba huko huweza kuendelea kwa saa nyingi. Katika karne ya 19, mwanasayansi François-Alphonse Forel alilichunguza jambo hili kwenye ziwa la Geneva. Kwetu lilimaanisha kwamba upepo ulipokoma usiku na watu wakadhani yamekwisha, ndipo maji yalipopanda yakauvuka mdomo wa kisima. Alfajiri upepo ukageuka ukatoka ziwani, na mawimbi yakakuta maji bado yako juu, yakaanza kuula ukingo.

Asubuhi watu walifika wengi, na panga, na misumeno. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwazuia wasiingie. Waya wa umeme ulikuwa umelegea juu ya nyasi za kuunganishia matanga. Milingoti mingi siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Mtu akiinua mlingoti wa mita 4.3 ukagusa waya, umeme unashuka hadi mikononi mwake. Kwa hiyo tuliwasubiri mafundi wa umeme wakate njia yote nje ya kambi. Baadaye nyaya za ardhini zilipimwa insulesheni, yaani uwezo wa ganda lake kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, na njia yoyote iliyosoma chini ya megaohmu 1 haikuwashwa. Soketi zilizolowa hazikuanikwa juani zikarudishwa. Zilibadilishwa zote, maana tope hubaki ndani ya viungio, na kutu huanza kazi yake wakati kila mtu ameshasahau mafuriko.

Matawi yaliyovunjika na kunaswa juu yalifuata. Hayo hayana cha kueleza sana: hakuna kupita chini yake, na aliye chini hana kofia ngumu, basi kazi haianzi.

Sasa lile shina.

Lilikuwa limeziba njia pana ya kuteremkia ziwani. Donge la mizizi na udongo lilikuwa limesimama wima upande wa nchi kavu, shimo likiwa nyuma yake, na matawi ya juu yalikuwa yanaelea ziwani. Mti uliolala hivyo una nguvu ndani yake kama upinde uliovutwa: upande mmoja wa shina umebanwa, wa pili umevutika. Kanuni ni kuanza kukata upande uliobanwa, isizidi theluthi ya unene, kisha kumalizia upande uliovutika. Ukianza kinyume, shina hupasuka kwa urefu na kipande huruka. Ukizama mno upande uliobanwa, msumeno unakwama. Shina lililoegemea ncha zote mbili limebanwa juu na kuvutika chini. Lililoning'inia ncha moja ni kinyume chake.

Lakini hili ncha yake moja ilikuwa majini. Wimbi likija, matawi yalinyanyuka na shina likapata egemeo. Wimbi likipita, matawi yalizama na shina likabaki linaning'inia. Upande uliobanwa na uliovutika ulikuwa unabadilishana kila baada ya sekunde chache. Juu ya shina palikuwa na ufa katika gome, upana wa kidole, na ufa ule ulikuwa unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, kwa mwendo wa mawimbi. Tulisimama tukiuangalia. Fundi alikuwa tayari amewasha msumeno. Akauzima, akauweka chini, akasema, "Huu haukatwi mpaka tuutoe kwenye maji."

Winchi ya mkono ilifungwa kwenye mti uliokuwa bado imara, kwa mkanda mpana, kwa sababu kamba ya chuma hukata gome pande zote na mti uliopona dhoruba hufa kwa uzembe huo. Kapi ilifungwa kwenye shina, kamba ikapita humo na kurudi kwenye nanga ya pili. Kapi inayosogea pamoja na mzigo huongeza nguvu ya kuvuta karibu mara mbili, ila mwendo nao unapungua nusu. Juu ya kamba tulitandika magunia yaliyolowa, ili ikikatika isiruke, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama ndani ya pembe inayofanywa na kamba mbili. Matawi yakavutwa kidogo kidogo hadi shina likaegemea magogo tuliyopanga pande zote mbili za mahali pa kukatia. Ufa ukaacha kucheza.

Hata hapo kulibaki donge. Shina likikatwa, donge la mizizi hupoteza uzito uliolilaza na huweza kujitupa shimoni. Anayekuwa shimoni wakati huo hana pa kukimbilia, na watoto hupenda mashimo hayo. Tuliacha mita 2 za shina kwenye donge, tukazifunga kamba ya pili ili donge lishushwe badala ya kujitupa. Fundi akakata juu, akapiga kabari ya plastiki, akamalizia chini. Shina likashuka juu ya magogo bila kishindo. Donge likatikisika, kamba ikakaza, likarudi shimoni polepole, na udongo ukaporomoka kulifunika. Watu walishangilia. Nilishangilia nao, kwa furaha ya kuona kazi ya hatari ikifanywa na mtu anayejua.

Magogo mengine tuliyaacha yaelee mpaka ufukoni kabisa. Gogo la mita 6 lenye kipenyo cha sentimita 40, likiwa limeloa, hukaribia kilo 750. Likiwa majini, watu wawili wanaliongoza kwa kamba. Likishafika mchangani linahitaji winchi.

Yaliyo juu ya maji yalipokwisha, kambi ilionekana safi na watu wakaanza kuleta mbao zao za matanga. Hapa ndipo kambi nyingi huharakisha. Pezi la ubao huzama sentimita 20 hadi 50, na likikwama kwenye kisiki ubao husimama ghafla huku mtu akiendelea mbele, amefungwa kwenye tanga kwa ndoano ya mkanda wake. Tulinyoosha kamba yenye vyuma vya kuizamisha kati ya watu wawili waliovaa viatu vya soli nene, wakatembea sambamba na ufuko, kutoka maji ya magoti hadi ya kifua. Kamba iliponasa, dumu tupu lilifungwa pale kama boya. Kazi ilirudiwa baada ya mawimbi ya upepo uliofuata, maana mchanga huhama na kufichua vilivyokuwa chini. Juu ya nyasi tuliburura sumaku ndefu kuokota misumari ya mabati. Sumaku haioni kioo, shaba wala alumini, kwa hiyo baada yake watu walipita kwa mstari wakipekua nyasi kwa mikono. Plastiki nyembamba ya tanga hutobolewa na kitu ambacho mguu wenye kiatu hausikii.

Kisima sasa. Klorini ikitiwa kwenye maji ya tope inaliwa na uchafu kabla haijaua kijidudu chochote. Kwanza tulipampu, tukasugua kuta, tukasubiri maji mapya yaingie yakiwa meupe. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 na kina cha maji cha mita 3 kina takriban lita 2,350. Dawa ya kufulia ya klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato, lita 1 kwa kila lita 1,000 hutoa miligramu 50 kwa lita. Kwa hiyo lita 2.35. Kila bomba lilifunguliwa hadi harufu itokee, likafungwa, maji yakaachwa kwa muda wa saa 12. Maji yale yalimwagwa nyasini mbali na ziwa, kwa sababu klorini huua samaki, wala hayakuelekezwa kwenye tangi la maji taka, ambalo linategemea bakteria. Hakuna aliyekunywa mpaka kipimo kilipoonyesha hakuna E. koli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100. Tangi la maji taka lenyewe tulilikataza kunyonywa wakati ardhi bado imejaa maji: tangi tupu huelea, hupanda na kuvunja mabomba yake.

Ukingo ulichukua muda mrefu kuliko vyote, kibali kikiwa sehemu ya muda huo. Baadhi walitaka ukuta wa zege wima. Ukuta wa aina hiyo hurudisha mawimbi, na maji ya mbele yake huchafuka kiasi kwamba anayeanza hawezi kusimama ubaoni. Tena mawimbi huchimba msingi wake mpaka uangukie mbele. Tulichonga mteremko wa mita 1 kwenda juu kwa mita 2 za ulalo, tukatandika kitambaa cha kuchuja kilichopandana sentimita 30 na zaidi kwenye viungo, kisha mawe yenye kona, kwa unene wa angalau mara mbili ya jiwe la wastani. Safu ya chini ilizikwa chini ya usawa wa kitanda cha ziwa. Mawe ya mviringo yanapendeza lakini hayashikani. Mahali pa kuteremkia hatukuweka mawe kabisa: mteremko mpole, kokoto laini, upana wa kutosha watu wawili wenye matanga wapishane.

Miti ndiyo iliyotugawa, na bado imetugawa. Ile iliyoanguka ilikuwa upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, na mti wa mita 15 huvuruga upepo juu ya maji kwa mita 150 au zaidi upande wa demani, upepo unakoelekea. Baada ya kuanguka, upepo ulifika ufukoni ukiwa mzima, na ubao ukaanza kuteleza juu ya maji karibu kabisa na nchi kavu. Wenye matanga hawakutaka miti irudi. Wenye mahema, ambao fito zao sasa zinavunjika na mchana hawana kivuli, walitaka irudi yote. Tulipanda mistari miwili nyuma ya mahema, yenye upenyo wa karibu nusu, yaani karibu nusu yake ni nafasi wazi, maana kizuizi kisichopitisha upepo huuzungusha nyuma yake na kuwa mbaya zaidi. Kila mche ulifungwa kwenye kijiti kifupi, theluthi ya urefu wake, kikaondolewa baada ya mwaka ili shina lijifunze kuyumba na kunenepa.

Nilipiga kura pengo la mbele, pale miti ilipoanguka, libaki. Leo sina uhakika ule niliokuwa nao, hasa nikiona familia zenye watoto wadogo zikihamisha mahema mara mbili kwa siku. Mstari wa tatu wa miche bado uko kwenye mifuko yake, na hatujakubaliana upandwe wapi.