Siku moja maishani mwangu: chenga za monita benchini Ngamiani

Saa 12:30 asubuhi. Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, inaamka na kengele za baiskeli. Nimepitia kwa mama wa vitumbua, nimekunywa chai ya rangi, nikafungua banda langu la ufundi wa vifaa vya umeme. Juu ya benchi ipo amplifaya ya msikiti wa mtaani kwetu. Maalim anayeadhini aliileta juzi: inavuma, hata maiki ikiwa kimya spika zinanguruma. Nilimwahidi kuirudisha leo kabla ya Isha.

Saa 2. Naweka proba (ncha ya kupimia) ya osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, pale sauti ya maiki inapoingia, ikiwa bado ya milivolti chache tu. Nakuta yale yale ya jana: mstari umejaa chenga, kama nywele zilizosimama, na chini yake wimbi zito linapanda na kushuka. Jana tulibadilisha kapasita tatu, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, za sehemu hiyo, na hakikubadilika kitu. Kijana ninayemfundisha kazi tayari ameishika ya nne.

"Fundi, nitoe na hii?"

"Iache kwanza."

Nikachomoa plagi ya amplifaya. Wimbi zito likaondoka, chenga zikabaki. Hapo moyo ulinishtuka. Kifaa hakina umeme, hizi chenga anazitoa nani?

Saa 3. Nimeitoa proba kwenye saketi kabisa, ncha yake nikaibana na klipu yake yenyewe ya ethi. Sasa haipimi chochote, mstari unatakiwa ulale shwari. Haukulala. Ule waya wa klipu, mrefu kama kiganja, ukikutana na ncha unafanya duara, na duara la waya ni antena. Nikausogeza kulia, chenga zikanywea. Nikausogeza kushoto, zikapanda mpaka zikatoka nje ya kioo.

Kushoto kuna monita.

Niliinunua ya mtumba wiki iliyopita, nisome michoro ya saketi bila kuumiza macho kwenye simu. Ni bapa, ila ya zamani kidogo, zile zenye mirija myembamba ya taa nyuma ya kioo. Mirija hiyo haiwaki kwa volti ndogo. Ndani mna saketi inayopandisha umeme hadi mamia ya volti na kuugeuza mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Nikapima chenga zetu: kutoka kilele hadi kilele mikrosekunde 20, yaani kilohezi 50. Kijana akaniambia, "Si ndiyo umeme wa ukutani huo, hezi 50?" Hapana. Wimbi la ukutani linachukua milisekunde 20. Tarakimu zile zile, tofauti mara elfu moja. Nilimwachia kitufe cha muda akizungushe mwenyewe hadi alione.

Ushahidi ulionitosha ni huu. Nilipunguza mwanga wa monita, na papo hapo chenga zikakatika mafungu mafungu, fungu, kimya, fungu, kimya. Monita za aina hii hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha taa haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Nikarudisha mwanga wote, zikaungana tena. Nikachomoa plagi ya monita, mstari ukalala. Tuliangaliana bila kusema kitu. Kapasita tatu nzima tumezing'oa bure!

Saa 5. Limebaki wimbi zito. Nimerudisha proba kwenye saketi na plagi ya amplifaya ukutani, lakini swichi yake sijaiwasha, nalo limerudi. Kwa hiyo linapita kwenye waya wa ethi. Amplifaya iko soketi ya ukuta huu, osiloskopu na kompyuta ziko ukuta wa pili, na kebo ya USB imeziunganisha hizo mbili. Kupitia klipu ya proba, ethi imefanya mzunguko mkubwa kuzunguka chumba. Nikahamishia vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, wimbi likapungua sana. Nikachomoa USB, likabaki kidogo mno.

Hapa niseme kwa nguvu. Wapo mafundi wanaokata pini ya ethi kwenye plagi ya osiloskopu ili mvumo uondoke. Tafadhali msifanye. Ukibana klipu mahali penye volti 230, bodi ya chuma ya osiloskopu nayo inakuwa na volti 230, na mkono wako uko juu yake. Kijana huyu ana mama anayemsubiri nyumbani.

Saa 7. Swala, kisha wali na samaki wa nazi.

Saa 8:30. Monita imehamia ukuta wa mbali, na tunaizima kila tunapopima. Waya wa klipu nimeutoa, nikazungushia shingo ya proba springi ya kalamu ili duara liwe dogo. Sasa nawasha amplifaya, na kwa mara ya kwanza naona ugonjwa wenyewe: wimbi la milisekunde 10, hezi 100. Hilo linazaliwa ndani, baada ya daiodi kuzielekeza nusu zote mbili za wimbi la umeme upande mmoja. Nikaenda moja kwa moja kwenye kapasita kubwa ya kuchuja. Chini ya lenzi, risasi ya kulehemu inayoshika mguu wake ilikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama unywele. Ukiugusa mguu kwa kibano, unacheza.

Risasi ya zamani nikaifyonza, nikatia mpya. Kazi ya dakika tano.

Saa 12 jioni maalim amefika. Nikamwamkia, nikampa maiki. Akapuliza, akanyamaza, akasikiliza spika. Kimya. "Kapasita zile tatu ulizoniambia jana ni bei gani?" Nikamwambia hizo ni zangu, alipe ya risasi tu.