Ninavyojipanga na utabiri wa theluji hapa Minneapolis

Jamani kila ikifika Oktoba Waswahili wa hapa Minneapolis tunaulizana lile lile, mwaka huu theluji itazidi au itatuhurumia? Mimi natunza wazee, naingia shifti ya usiku, natoka na gari barabara bado haijakwanguliwa, kwa hiyo kwangu hili ni suala la riziki kabisa, nikaamua nijifunze kusoma utabiri mwenyewe.

Naanza na ramani ya miezi mitatu ya NOAA, shirika la serikali ya Marekani la hali ya hewa na bahari, inatoka Alhamisi ya tatu ya kila mwezi. Hapo ndo watu wanachanganyikiwa. Mtu akiona Minnesota, jimbo letu, imepakwa bluu na asilimia 40 anaanza kusambaza kwamba tumekwisha. Ile bluu haiongelei theluji, inaongelea baridi, na makundi yako matatu, kuzidi kawaida, kawaida na chini ya kawaida, kila moja linaanza na 33, kwa hiyo 40 ni kuegemea kidogo tu. Ramani nyingine inajumlisha mvua na theluji humo humo, haikutenganishii.

Kinachosukuma hizo ramani mara nyingi ni El Nino na La Nina, yaani bahari ya Pasifiki ikipata joto au ikipoa kuliko kawaida, hizi hizi za nyumbani! El Nino iliyotufurikisha 1997 Afrika Mashariki, huku kwa kawaida inapunguza makali ya baridi, na La Nina inayotukaushia vuli ndo huku inaelekea kuleta baridi na theluji. Siku hizi mama akinipigia akilalamika mvua zimegoma nakimbilia kuangalia ramani ya huku.

Msimu wa 2022-23 ulikuwa wa La Nina, Minneapolis ikapata inchi 90, wa tatu kwa wingi kwenye rekodi. Uliofuata ni El Nino, jimbo halijawahi kurekodi majira ya baridi yenye joto vile, theluji haikufika inchi 30, lakini karibu nusu yake ikashuka mwishoni mwa Machi watu wameshaweka makoleo stoo. Ndo maana tairi za theluji sizitoi mpaka Aprili iishe, ramani iseme isemavyo.

Kwa hiyo ya miezi mitatu naitumia kwa mambo ya hela tu, tairi nazinunua mapema na bili ya gesi naiwekea akiba. Shifti napanga kwa utabiri wa siku 8 hadi 14, nikiona baridi na unyevu vinakuja pamoja naongea na supavaiza, nabadilishana na mwenzangu anayekaa karibu na kazini. Inchi ngapi zitashuka siziamini mpaka zimebaki kama siku tatu, simu ikikwambia siku ya kumi kuna inchi 9 achana nayo. Jiji likitangaza dharura ya theluji nasogeza gari mapema, maana zile barabara kuu zenye alama zinatakiwa zisiwe na gari lililoegeshwa kuanzia saa tatu usiku ili zikwanguliwe, wakilivuta kulikomboa ni hela ndefu mno.