Kwa nini nilisema “anakuja”

Nimetoka zamu alfajiri hii, nikaoga, nikaswali, nikajilaza, lakini usingizi umenikataa kwa siku ya tano sasa, kwa ajili ya neno moja nililolitamka Jumamosi asubuhi mbele ya meza ya usajili katika uwanja wa maonyesho wa Tunbridge, hapa Vermont, Marekani. Hakuna aliyenitukana. Farasi hakuumia, na binti yangu hakuumia. Juzi Jumanne nimekula kiapo cha uraia mahakamani, na siku moja kabla yake mdogo wangu aliyeko Shela, kule Lamu, amejaaliwa mtoto wa kiume, nami nimepokea pongezi za mambo yote mawili huku nusu ya moyo wangu ikiwa bado imesimama pale mezani, imeshika kamba ya farasi wangu Kaskazi, inatafuta jibu jingine.

Mliofuatana nami tangu majira ya baridi mnamjua Kaskazi, na mnajua kwamba nilimlipia kidogo kidogo kwa miezi 30, kutoka katika mshahara wa nyumba ya wazee, kwa yule bibi niliyemsafishia mazizi kwa miaka 7 na ambaye hakutaka farasi wake wa mwisho aangukie mikononi mwa mtu asiyemjua. Ni jike wa aina ya farasi iitwayo Morgan, ana umri wa miaka 6, rangi yake ni kahawia iliyoiva, manyoya ya shingo na mkia ni meusi, na kimo chake begani ni sentimita 147, ambacho kwa Morgan ni cha kawaida, kwa kuwa hawa si farasi warefu. Uzuri wao uko katika kifua kipana, shingo iliyonyanyuka na miguu mifupi yenye nguvu. Nilimpa jina la upepo kwa sababu siku ya kwanza nilipomwona alikuwa akizunguka uwanja wake kwa shoti bila ya kukimbizwa na chochote, mkia umefumuka kama tanga.

Tulivuka milima ya Green Mountains kukiwa bado na giza, mimi na binti yangu Mwanaisha, na trela nyuma yetu. Nilipofungua mlango wa trela pale uwanjani, Kaskazi alikuwa amelowa jasho hadi mapajani, na mshipa wa shingo ulikuwa umesimama kwa unene wa kidole changu. Aliteremka kwa kuruka. Farasi wa watu walikuwa wakiitana kutoka kila upande wa uwanja, huku ukungu wa mtoni ukiwa bado haujainuka, naye akawajibu wote kwa mlio mmoja mrefu ulioitetemesha kamba mkononi mwangu. Nilimtembeza mara mbili kando ya njia ya mbio ili atulie, hakutulia, na kwa kuwa wakati ulikuwa unakwenda nikaenda naye vivyo hivyo hadi kwenye foleni.

Basi nilifika mezani mkono wa kulia umebana kamba karibu na kidevu chake, kifua chake kinanisukuma begani, karatasi zake za ukoo nimezibana kwapani. Nyuma ya meza alikuwapo mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni na uso wa bashasha. Alinisemesha kwa Kiingereza, ila mimi nayaandika maneno yale kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo ninavyoyasikia kila nifumbapo macho.

“Mzuri huyu, na ana harara.”

“Ndiyo,” nikasema.

Akatazama nyuma ya bega langu, kuelekea kwenye magari. “Na mwenyewe yuko wapi?”

“Anakuja.”

“Basi mwambie aje atie sahihi kabla ya saa tatu.”

“Sawa, nitamwambia.”

Hayo ndiyo mazungumzo yote, na hayakufika hata nusu dakika. Waliokuwa mbele yangu katika foleni walikuwa watu wanne, na kila mmoja wao alipewa kalamu bila ya kuulizwa neno. Hilo niliona, na linaniuma, na sitasema kwamba haliniumi. Lakini jambo linaloninyima usingizi ni langu mimi. Yule mama aliuliza swali, na swali lina jibu. Jibu lilikuwa neno moja, “ni mimi”, na badala yake nikamzulia mtu, nikamweka huko kwenye magari, nikaahidi kumpelekea ujumbe. “Anakuja” naweza kuielewa, maana ilinitoka kabla sijafikiri. “Nitamwambia” niliisema nikiwa ninajua.

Tulipokuwa tukirudi kwenye trela Mwanaisha alinitazama kwa macho ya mama yake. “Baba,” akasema, “nani anakuja?”

Sikumjibu. Nilijifanya ninashughulika na farasi, na kweli nilikuwa na shughuli, kwa kuwa Kaskazi alikuwa akitembea kwa ubavu na kuchimba nyasi kwa kwato kila tuliposimama. Mtoto wa miaka 11 hadanganyiki kwa hilo.

Tangu hapo nimekuwa nikilifuata neno lile kurudi nyuma lilikotoka, na nadhani nimelifikia. Nilikuwa na miaka 9 nilipoanza kufuata punda wa mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, tukibeba mchanga, matumbawe na boriti kutoka ufukweni hadi kwenye nyumba zinazojengwa. Wanaoijua Lamu wanajua jinsi vichochoro vyake vilivyo vyembamba, hata punda mwenye mizigo miwili ubavuni hulazimisha watu wajibanze kwenye barza. Kila siku alikuwapo mtu mzima wa kuuliza kwa ukali punda hawa ni wa nani na wamezibaje njia, nasi watoto tulikuwa na jibu moja tulilorithishana: “Mwenyewe yuaja.” Mwenyewe alikuwa nyumbani amelala, au yuko baraza la kahawa, wala hakuwa na nia ya kuja, lakini neno hilo lilitosha kumfanya mkali apunguze sauti, kwa kuwa sasa ugomvi ulikuwa na mtu mwingine asiyekuwapo. Lilikuwa ngao yetu. Katika miaka yote ile sikupata hata siku moja kuulizwa swali hilo nikiwa nimeshika mnyama aliye wangu, na naona kwamba Jumamosi ile, mtu mzima alipotazama nyuma ya bega langu na kuuliza, aliyejibu alikuwa yule mtoto, akanitangulia kwa kasi ambayo sikuiweza.

Na Kiswahili chetu kimenizidishia maumivu, kwa kuwa mwenye mali tunamwita mwenyewe. Nimeulizwa nilipo mwenyewe, nami nikasema sipo.

Nilipofika kwenye trela nilimfunga Kaskazi, nikakaa juu ya ndoo, na nikawa ninamfikiria Justin Morgan, ambaye jina lake limebebwa na farasi hawa wote. Tulikuwa tumepita Randolph asubuhi ile ile, na Randolph ndiko alikoishi. Hakuwa tajiri wa mazizi. Alikuwa mwalimu wa shule na mwalimu wa uimbaji, na husimuliwa kwamba alikwenda Massachusetts kudai deni lake, akakosa fedha, akapewa mtoto wa farasi. Farasi huyo, aliyezaliwa mwaka 1789, aliitwa Figure. Alikuwa mdogo wa umbo, akavuta magogo, akalima, akashindana mbio, akakodishwa, akauzwa kwa huyu na yule hata baada ya Morgan kufa mwaka 1798, na aliishi hadi mwaka 1821. Watoto wake walitoka wakimfanana, nguvu zile zile, shingo ile ile, na baadaye sana, mwaka 1894, Joseph Battell akachapisha buku la kwanza la nasaba zao. Lakini jina la Figure lilimezwa na jina la mwalimu yule: watu walizoea kumwita farasi wa Justin Morgan, na mwisho likabaki hilo. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na nimesimama mbele ya sanamu ya Figure kule Weybridge, na sikuwahi kujiuliza kama mwalimu maskini aliyepita njiani akivuta mtoto wa farasi aliulizwa mwenyewe yuko wapi. Siku hiyo nilijiuliza.

Saa mbili na dakika arubaini niliinuka. Nilimwambia Mwanaisha ashike kamba kwa mikono miwili, asimame upande wa kushoto na asiizungushe mkononi, nikaenda mezani peke yangu, nikachukua kalamu na kutia sahihi katika nafasi ya mmiliki. Yule mama alilitazama jina kwenye fomu, akalitazama kwenye karatasi ya ukoo, akanitazama mimi. “Kumbe ni wewe,” akasema, na shingo yake ikawa nyekundu. Nikasema, “Ni mimi.” Alitaka kuongeza neno akaliacha, nami sikumsaidia kulitafuta, na sijui hadi leo kama ningemsaidia.

Kuonyeshwa kwa mkono hakukuwa na baraka. Farasi anatakiwa asimame ametulia, miguu imepangika, masikio mbele, mwamuzi amzunguke taratibu. Kaskazi alisimama kwa muda wa pumzi tatu. Tulitoka wa mwisho na sikuhuzunika.

Kuvuta kulikuwa saa kumi alasiri, na hilo ndilo jambo lililonifanya niwapende watu wa Morgan, kwamba bado wanawakumbusha farasi wao kazi. Katika shindano kamili la jadi, lenye jina la Justin Morgan mwenyewe, farasi yule yule hukimbia mwendo wa matiti, ule wa kasi ulio chini ya shoti, akiwa amefungwa kigari, hukimbia shoti akiwa na tandiko, huonyeshwa uwanjani kwa mwendo wa kila aina, kisha huvuta mzigo. Sisi tulijiandikisha kuvuta tu. Sleji ya mbao ilikuwa imepakiwa mawe, na farasi alitakiwa aisogeze hadi kwenye mstari wa chokaa bila ya mtu kumpiga wala kumpigia kelele.

Nilimvika kola, nikafunga minyororo, na mikono yangu ilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali. Nilimjua Kaskazi wa asubuhi. Lakini minyororo iliponyooka na akausikia uzito nyuma yake, farasi huyu ambaye hajasimama tangu alfajiri alisimama. Masikio yake yote mawili yaligeuka nyuma, kwangu. Alishusha kichwa, nami nikaona misuli ya mapaja ikijikusanya chini ya ngozi kabla hata sijasema kitu, kama maji yanavyojikusanya kabla ya wimbi. Nikasema neno letu la nyumbani, “Twende, mama.” Akaegemea. Kwato za nyuma zilizama kwenye udongo hadi juu, sleji ikalia, kisha ikaja, polepole, bila ya kushtuka wala kurukaruka, ikauvuka mstari, naye alikuwa tayari kuendelea nayo hadi nyumbani kama nisingemwambia basi.

Kipaza sauti kikamtaja farasi, kisha kikasema, “Mmiliki,” na kikaanza kulisoma jina langu. Yule mtangazaji alilivunja vipande vitatu na akalisoma hadi mwisho, jina langu, la baba yangu na la babu yangu, juu ya uwanja mzima wenye farasi wa Vermont, na Mwanaisha akawa anaruka juu ya ubao wa uzio akipiga kelele, “Ndiye huyo! Ndiye huyo!” Nililia. Nilimkumbatia Kaskazi shingoni ili nifiche uso, na alikuwa ananuka jasho, ngozi na nyasi kavu, na moyo wake ulikuwa ukipiga kwa utulivu kuliko wangu.

Ningetaka kusema kwamba hapo neno lile lilinitoka. Kwa siku nzima lilinitoka kweli; Jumapili tuliamka kwenye hema, tukanywa chai, yule mama wa miwani alipita karibu na trela akamletea Kaskazi karoti mbili, tukazungumza habari za kwato kwa muda mrefu na kwa furaha, na sikumwona ubaya wowote. Lilirudi usiku, nilipokuwa nyumbani. Mwanaisha alimsimulia mama yake kila kitu, mawe, minyororo, kipaza sauti, karoti. Foleni ya asubuhi aliiacha. Alinitazama tu, akapitiliza. Mtoto amenisitiri, na mimi sijui kama nimshukuru au nikae naye nimweleze, na kama nitamweleza, nianzie Langoni au nianzie mezani.

Jana nilimpigia Mama. Alitaka kujua kama farasi ameshinda, nikamwambia ameshinda kuvuta, akacheka kwa muda mrefu, akasema punda wa baba yake hakuwa akihitaji kipaza sauti. Kisha akauliza, “Haya, farasi hajambo. Na mwenyewe?” Nikasema mwenyewe hajambo, Mama.

Hapo akaniambia kwamba mai ya kisima cha uani yameanza kuwa na munyu. Amesema kama jambo la kupita, lakini namjua. Kisima hicho kimetunywesha tangu enzi za bibi yake. Dada anasema chai imebadilika ladha tangu wiki mbili zilizopita, na kwamba kwa majirani wawili ni hivyo hivyo, na Mama bado anayanywa kwa sababu hataki maji ya kununua. Ana shinikizo la damu. Daktari alimkataza chumvi tangu mwaka juzi. Saa hizi kwao ni mchana, na simu yake inaita bila ya kupokewa.