Nyuzi za pamba kwenye nywele za mama

Jana nimepita Eldoret, nikashuka matatu karibu na pale tulipokuwa tukimsubiri mama akitoka zamu ya usiku kiwanda cha nguo cha Rivatex. Nimesimama kama dakika kumi hivi, koo limenikaba.

Alikuwa akirudi na vinyuzi vyeupe kwenye nywele, hata kwenye nyusi. Sisi watoto tulimchambua polepole huku akinywa chai yake, macho yamefumba. Harufu ya pamba na mafuta ya mashine, hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu.

Soko la Kenya lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje miaka ya 1990, mitumba ikaingia kwa wingi na viwanda vya nguo vikaanza kuanguka, Kisumu, Nanyuki, na kwetu pia. Mama akaanza kuuza mitumba. Angefanya nini, na sisi tulikuwa watano? Alikuwa akishika shati, analikunja pindo, anasema, "Huu ufumaji ni mzuri," kisha ananyamaza.

Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua kiwanda mwaka 2007, na 2019 mitambo mipya ikazinduliwa. Nilifurahi, kwa kweli. Lakini mji ulishahama. Leo Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji 2024, inaishi kwa mahindi na maziwa, kwa wanafunzi wanaopanga vyumba, kwa boda boda, na kwa majengo waliyojenga wanariadha wetu kwa jasho la miguu yao.

Mama bado anacho kipande cha kitambaa alichokifuma. Jioni nilipofika alikitoa kabatini, akanipa nikishike.